Himalayan 411 au V-Strom 650 kwa safari ya wawili

Ndugu, kati ya hizo pikipiki mbili ulizouliza, Himalayan ya Royal Enfield na V-Strom ya Suzuki, kwa wewe na mama watoto kutoka Kampala hadi Kabale, chukua V-Strom 650. Himalayan ni imara, naipenda, lakini ina nguvu farasi 24 tu. Mkiwa wawili na mizigo, kulipita lori mlimani ni kazi. V-Strom ina silinda mbili na tangi la lita 20.

Ila kabla hujalipa, mketishe yeye nyuma, tena kwa muda mrefu. Angalia magoti yasikunjike mno na mikono ifikie vishikio. Kisha kaza springi ya nyuma: ikilegea, taa inamulika juu na gurudumu la mbele linakuwa jepesi kwenye kona. Na helmeti yake iwe nzuri kama yako, tafadhali.