Mama hakupona siku ya Mtakatifu Kamilo: je, imani yake ni haba?

SWALI: Tumsifu Yesu Kristo, Padre. Mama yangu ana kidonda cha kisukari mguuni, mwaka wa pili sasa. Tulisali novena, sala ya siku tisa, ya Mtakatifu Kamilo wa Lellis, na tarehe 14 Julai tukampeleka Misa ya sikukuu yake. Hakupona. Wenzetu wa kikundi cha sala wanasema imani yake ni haba, na vidonge anavyomeza ndivyo vinavyozuia muujiza. Sasa amevikataa. Wanasema kweli?

JIBU: Milele, amina. Mwanangu, mrudishe mama kliniki kesho. Kidonda cha kisukari hakitungoji tumalize mjadala.

Hao wenzenu wamemwomba Kamilo bila kumjua. Aliingia hospitali ya San Giacomo, Roma, akiwa askari kijana na mcheza kamari, mguu una kidonda. Kidonda hichohicho kilimtoa kwa watawa Wakapuchini alikotaka kujiunga, tena si mara moja. Akapadrishwa mwaka 1584, akaanzisha shirika la kuhudumia wagonjwa, na siku zilizomshinda kutembea alijikokota kutoka kitanda hadi kitanda. Alipofariki tarehe 14 Julai 1614, mguu ulikuwa bado haujapona. Zaidi ya miaka arobaini! Naye alikosa imani? Basi Papa Leo XIII alikosea mwaka 1886 kumtangaza, pamoja na Yohane wa Mungu, msimamizi wa wagonjwa na hospitali.

Hilo la vidonge ndilo linaloniudhi zaidi. Kumwambia mgonjwa atupe dawa ni ukatili uliovikwa rozari. Yoshua bin Sira, katika kitabu chake cha Biblia, sura ya 38, anasema Bwana ndiye aliyeumba dawa kutoka ardhini na mwenye busara hazidharau. Anaagiza mgonjwa asali, kisha ampe tabibu nafasi yake. Vyote viwili. Na Mtume Paulo aliomba mara tatu mwiba, yaani teso la mwili wake, uondolewe. Akajibiwa kwamba neema inamtosha.

Mwombe paroko ampe mama Mpako wa Wagonjwa. Si sakramenti ya kufia, kama wengi wanavyoiogopa. Hali ikizidi anaweza kuipokea tena.

Nawe, unayemwosha kidonda kila siku, usiku unalala? Kikundi hicho kipangie zamu: mmoja amsindikize kliniki, mwingine apike, mwingine akae naye ili upumzike. Mama akisitasita tena, msomee sura hiyo ya Sira, halafu mpe vidonge na maji.