Barua kwa mwanangu: malkia wawili mkononi

Mwanangu mpendwa,

Barua yako nimeisoma mara mbili, mara ya pili nikiwa na karata mezani, nimezipanga kama ulivyoeleza ule mkono wako wa poka. Malkia wa shupaza na malkia wa pau mkononi mwako. Zikafunguliwa mezani karata tatu za mwanzo kati ya zile tano za wote: kopa ya 10, kopa ya 9, uru ya 4. Katikati pana kete 100 za kugombewa, mbele yako zimebaki 900. Ukaweka 20, wawili wakakufuata, na karata ya tano ilipokuja kopa ukamlipa dau zito mtu aliyekuwa akiingoja tangu mwanzo. Siku nyingine ukapata mkono wa namna ile ile, ukasukuma zote 900. Aliyekufuata alikuwa na tisa tatu. Sasa unaniuliza mkono mzuri ulio rahisi kuharibika uchezwe vipi, kwa dau dogo au kubwa.

Nakuelewa, maana mimi mwenyewe nimelala macho kwa mikono kama hiyo. Lakini naona siku zote mbili ulikuwa unacheza na hofu ya karata ijayo, ukamsahau mtu aliyekaa mbele yako. Jiulize kwanza: nani ana mkono dhaifu kuliko wangu na bado yuko tayari kunilipa? Hapo ni mwenye ree na 10, mwenye ghulamu na 10, na mwenye kopa mbili mkononi anayesubiri kopa moja zaidi mezani, zitimie tano na kuishinda jozi yako. Hao ndio riziki yako. Ulipoweka 900 kugombea 100, uliwafukuza karibu wote, ukabaki na wale ambao wasingeondoka kwa lolote: wenye tatu za namna moja, wenye jozi mbili, wenye wafalme au ree wawili. Umewafungia mlango uliokuwa unawashinda na kuwakaribisha wanaokushinda.

Na lile dau la 20? Mwenye kopa mbili ana kopa 9 zilizobaki kati ya karata 47 asizoziona. Kwa karata moja ijayo anapata kama mara 19 katika 100. Akiziona zote mbili zilizobaki, kama mara 35. Wewe ulimtoza 20 ili agombee 120. Kwa bei hiyo angehitaji kupata mara 14 tu katika 100 ili asipoteze. Kwa hiyo hakubahatisha, mwanangu. Alikuwa na haki ya kufuata, na bei hiyo ulimpa wewe. Ungeweka 70, angelipa 70 kugombea 170, yaani angehitaji mara 29, naye kwa karata ijayo ana 19 tu. Hapo kila akifuata anakosea, na kosa lake linaingia mfukoni mwako hata siku ile kopa inapokuja. Ndiyo raha ya mchezo huu usio na kikomo cha dau: bei unaipanga wewe. Dau likiwekewa kikomo huwezi kumtoza hivyo.

Hesabu hiyo ina sharti lake, na hapa ndipo naona wengi wanaumia. Akikosea sasa halafu karata ijayo ikawa kopa, nawe ukamlipa dau lingine zito, umemrudishia chote na nyongeza. Kufuata kwake kunakuwa halali kwa sababu anajua hutaweza kuachia. Basi karata ya nne ikiwa mbovu kwake, tuseme pau ya 2, usipunguze mwendo. Katikati pana 240 sasa, weka 150 au zaidi kidogo, maana amebakiwa na karata moja tu na bei ipande. Ikija kopa, au 8, au ghulamu, pitisha zamu kama una nafasi, au fuata dau dogo tu. Na mtu mtulivu aliyekuwa akifuata kimya akipandisha dau ghafla kwenye karata ya nne, mwamini. Malkia wawili ni jozi moja tu, wapendeze vipi machoni.

Usidhani pia kila anayesubiri yuko mbali nawe. Kwenye meza ile ile, mwenye ghulamu na 8 za kopa ana njia ya kopa tano na njia ya mfuatano, yaani karata tano zinazofuatana, kwa pamoja. Mkiweka kete zote kabla ya karata mbili za mwisho, mnakaribia nusu kwa nusu. Ndiyo maana hesabu ya kete zilizobaki ina uzito kuliko uzuri wa karata. Ungekuwa na 150 mbele yako dhidi ya 100 za katikati, ningekuambia ziweke zote bila kufikiri sana. Ukiwa na 900, jozi moja haistahili kubeba mzigo huo wote. Lenga kitita cha kadiri, si kile cha kukumaliza.

Kabla ya karata za mezani, pandisha dau lako vya kutosha wabaki wachache. Ree wawili, mkono bora kuliko yote, dhidi ya mmoja mwenye karata zozote wanashinda kama mara 85 katika 100. Dhidi ya wanne, kama mara 56. Niliwahi kuwaingiza wanne kwa kutaka kuwatega. Nakumbuka kidole changu kikiwa juu ya kete, karata ya nne ikageuzwa, na watu wawili wakanyoosha migongo kwa wakati mmoja. Nikaendelea kulipa hata hivyo, kwa sababu karata zangu zilikuwa nzuri mwanzoni.

Ghulamu wawili usiwaogope kupita kiasi. Ni kweli kwamba karibu mara 57 katika 100 itafunguka ree, mfalme au malkia katika zile tatu za mwanzo, lakini aliye mbele yako naye mara nyingi amekosa. Weka dau la kadiri mara moja, umsikilize.

Niandikie ukishacheza tena. Usiniambie kama ulishinda au ulishindwa. Niambie katikati palikuwa na kete ngapi, uliweka ngapi, na ulifikiri ni nani atakayefuata.

Mimi baba yako