Jangwa lenu halina mwenyewe

Wadogo zangu mnaoanza kuendesha kampeni, zile hadithi ndefu za mchezo wa mezani ambapo kila mchezaji anaigiza mhusika na dadu inaamua, mbukwenyi. Kiangazi hiki nimekaa kwenye meza zenu nyingi, nimetazama ramani zenu za jangwa lenye majini na mizimu, na zote zinafanana: karatasi imepakwa rangi ya chungwa, katikati piramidi, pembeni nge mkubwa, na mji wenye jina lisilotamkika. Jamani, ninyi mmekulia Dodoma. Mmepanga foleni na ndoo, mmeona chamchela ikivuka barabara mwezi wa tisa imesimama wima kama mtu anayejua anakokwenda. Halafu mkiambiwa mbuni nchi kavu yenye mizimu, mnakwenda kuazima mchanga wa kwenye sinema. Inaniuma, na ndiyo maana nimeamua kuyaandika haya badala ya kuyarudia kila meza.

1. Anza na visima, mchanga baadaye.

Sahara yenyewe, sehemu iliyofunikwa na mchanga ni kama robo tu. Kwingine ni mawe, changarawe na miinuko ya miamba. Nchi inakuwa jangwa kwa uchache wa maji, kwa hiyo kitu cha kwanza kuchora ni visima. Kando ya kila kisima andika: nani mwenye nacho, anatoza nini, kinakauka mwezi gani. Ukimaliza hapo, njia zitajichora, kwa sababu msafara haufuati njia fupi, unafuata maji.

Mfano mnao mlangoni. Karne ya 19 misafara ya pembe za ndovu kati ya pwani na Tabora ilipita hapa Ugogo. Baada ya Mpwapwa kulikuwa na nyika iliyoitwa Marenga Mkali, maana maji yake yalikuwa machungu. Kuivuka kulitaka mwendo maalumu walioujua wapagazi wote, terekeza. Mnapika na kunywa asubuhi penye maji, mnajaza vibuyu, mnaondoka mchana jua bado kali, mnatembea mpaka usiku, mnalala bila maji, alfajiri mnaendelea hadi mfike kisima kingine. Mkifika salama, mnakuta watemi wa Kigogo wanadai hongo ya kupita, vitambaa na shanga, na mazungumzo yanaweza kuwaweka hapo siku kadhaa huku chakula kinapungua. Niambieni hapo pamekosekana nini. Hizo ni sesheni tatu nzima, yaani vikao vitatu vya mchezo, na hakuna zimwi hata mmoja aliyetokeza kichwa.

2. Usimnyang'anye kuhani maji yake.

Hapa ndipo mnapoanguka karibu wote, na hapa nitakaa.

Kwa sheria za Dungeons & Dragons toleo la tano, mhusika anahitaji galoni moja ya maji kwa siku, na galoni mbili kukiwa na joto, yaani kama lita saba na nusu. Akikosa, anaanza kurundika uchovu. Vizuri sana. Ila sheria hizo hizo zinampa kuhani, mhusika anayepewa uchawi na mungu wake, tangu levo ya kwanza, ngazi ya chini kabisa, uchawi wa kuumba galoni kumi kwa mara moja. Hizo ni lita 38, karibu madumu mawili. Gawanya kwa watu watano: kila mtu kapata mahitaji yake ya siku ya joto. Kundi limelimaliza jangwa lako kabla ya chai.

Kijana mmoja hapa mjini, DM (msimulizi anayeongoza mchezo) mwenye kipaji, sauti yake ikianza kusimulia hata wauza karanga wanasimama kusikiliza, alijenga nchi yake ya majini na mizimu kwa muda mrefu. Kwenye kundi lake alikuwepo binti aliyekuwa hajawahi kucheza. Alichagua kuwa kuhani, na alipokuwa anapanga uchawi wake akasema mbele yetu, "Kwetu maji ni ya mgawo. Huyu wangu hatakosa maji." Tulicheka wote kwa furaha. Siku kiu ilipokaba, akanyoosha mkono, akarusha uchawi wake, viriba vikajaa. Meza ikashangilia. Nilimtazama DM, uso ulikuwa umebadilika.

Sesheni iliyofuata maji yale yakawa yanakauka upesi kuliko kawaida. Iliyofuata tena, kila akiyaumba anatokea jini kuyamwaga. Mwisho kijana akatangaza, katikati ya safari, kwamba kuanzia sasa uchawi ule haufanyi kazi nchi hii. Sababu hakutoa. Binti hakubishana. Alichukua kifutio, akaufuta kwenye karatasi yake pole pole, herufi baada ya herufi, akapuliza vumbi la kifutio, akaweka penseli chini. Jioni ile alirusha dadu alipoitwa tu. Wiki iliyofuata hakuja, na rafiki zake aliokuja nao hawakuja. Kampeni ikafa na ramani yake nzuri.

Kijana hadi leo analaumu sheria. Sheria hazina kosa. Alilichukulia jibu la mchezaji kama adui wa nchi yake, wakati lilikuwa ndiyo mlango wa kuingilia ndani ya nchi hiyo. Binti alileta mezani kitu cha kwao, kiu anayoijua, na akaambiwa akifute.

Fanyeni hivi. Uchawi uacheni ufanye kazi, wala msipunguze hata tone. Ila amueni, na semeni wazi mapema, kwamba katika nchi hii maji yote yana mwenyewe. Zile lita 38 hazikutoka hewani, zimetoka kwenye kisima fulani.

Sasa muwaonyeshe kisima chenyewe. Si lile tangi la mawe lenye mitende. Chukueni korongo la huku kwetu wakati wa kiangazi: mchanga mtupu, lakini mama anajua pa kuchimba. Shimo la kimo cha kiuno, limezungushiwa miiba ng'ombe wasiingie. Anashuka, anapiga magoti, anachota kwa kata kilichojikusanya chini, maji ya rangi ya chai ya maziwa. Kisha anangoja. Mchanga unatoa tena, anachota tena. Ndoo moja ni kazi ya muda mrefu, na nyuma yake kuna foleni. Asubuhi ile kuhani wenu aliponyoosha mkono, shimo hili lilikauka, na wanaongoja wamejua kuna mtu ameyaita maji yao. Kundi likifika kijijini, wazee wanainusa mikono ya kuhani kabla ya salamu.

Tangu hapo, kila asubuhi binti ana uamuzi mzito kuliko pambano lolote. Anaweza pia kufanya kinyume: afike kwenye shimo lililokauka na kumimina madumu mawili mbele ya kijiji kizima. Hapo yeye ndiye malkia, na Mwenye Maji, yeyote mtakayemwita, amepata mtu wa kuzungumza naye. Uchawi wa levo ya kwanza umekuwa siasa ya nchi nzima, na hakuna aliyefuta kitu.

3. Jini asiye na masharti ni fujo tu.

Ibn Battuta, msafiri yule yule wa Morocco aliyefika Kilwa mwaka 1331, alivuka Sahara mwaka 1352. Anaeleza kwamba msafara ulimlipa mtu mmoja atangulie peke yake hadi Walata, mji wa ng'ambo ya jangwa, ili watu wa huko watoke na maji kuupokea njiani, mwendo wa siku nne. Akifia jangwani, Walata hawapati habari, na msafara unaangamia wote au walio wengi. Kisha anaongeza kwamba jangwa lile lina mashetani wengi, na wakimkuta mjumbe yuko peke yake humchezea na kumvuruga mpaka apotee. Someni tena: akiwa peke yake. Hilo ni sharti, na wachezaji wanaweza kuligundua, kulikwepa, hata kulitumia. Kila mzimu wenu uwe na moja la namna hiyo, linaloeleweka, lisilobadilika kwa sababu DM amekasirika.

Na nawasihi jambo. Michoro ya miambani ya Kondoa imo kwenye urithi wa dunia tangu 2006, yale maumbo ya watu warefu wembamba na wanyama kwa rangi nyekundu yanamsisimua kila anayebuni, na mimi nayapenda mno. Lakini baadhi ya mapango yale watu bado wanakwenda kuomba mvua na uponyaji. Jifunzeni mpango wake: mahali pana mlinzi, unaingia kwa utaratibu, unaacha kitu. Jina la mzimu wa watu msiligeuze kuwa zimwi lenye pointi 90 za uhai za kupunguzwa kwa panga. Bibi wa mmoja wa wachezaji wenu anaweza kuwa anakwenda pale.

4. Nchi kavu ina mvua.

Nayo ni hatari kuliko jua. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, na karibu zote zinashuka kati ya Desemba na Aprili. Ardhi iliyokauka hainywi haraka, maji yanakusanyika, korongo linashuka limebeba magogo. Reli ya kati, kipande cha Gulwe hadi Kilosa, imekatwa na mafuriko mara nyingi, katika nchi ambayo mgeni akiiona Oktoba ataapa haijui maji. Kwa hiyo kundi likilala ndani ya korongo kwa sababu halina upepo, mvua inyeshe mbali, milimani, na juu yao nyota zote zionekane. Wapeni kwanza sauti ya maji yanayokuja. Anayejua atapiga kelele "Tokeni!" kabla hujamaliza sentensi, na hiyo ndiyo raha yenu.

Usiku wa jangwa ni baridi, wakumbusheni blanketi.

5. Magofu yawe na aliyeshindwa.

Piramidi mnazipanda kama mahindi. Nani alijenga, alitaka nini, nchi ilimkataa vipi? Nendeni Kongwa. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza ilileta mpango mkubwa wa karanga, matrekta, mengine yaliyotokana na vifaru vya vita, wataalamu, mamilioni ya pauni. Vichaka na mibuyu vilivunja mashine, mvua ikakataa, udongo ukakauka ukawa mgumu hata karanga hazing'oki, na mwaka 1951 mpango ukaachwa. Wagogo waliokuwa wanalima uwele na mtama na kufuga ng'ombe mahali pale pale waliendelea kuwepo. Geuzeni hiyo iwe dola ya wachawi waliokuja na mashine bila kumuuliza Mwenye Maji. Gofu lake nitaliingia kwa hofu ya kweli.

6. Madogo madogo.

Dadu ya joto, ile ya kuamua kama jua limemdhuru mhusika, irushwe mara moja kwa siku ya safari, si kila saa. Mbuyu hutunza maji mengi kwenye shina, utumieni. Maji yahesabiwe kwa punje za maharage katikati ya meza, kila mtu azione zikipungua. Wekeni marimba ya Hukwe Zawose, mwanamuziki wetu wa Kigogo, kwa sauti ya chini, itafanya kazi kuliko maelezo ya nusu saa.

Sesheni ya kwanza isiwe na visima zaidi ya vitatu: kimoja cha kundi, kimoja kinachodaiwa hongo, kimoja ambacho kila mtu anakisema na hakuna aliyekunywa. Anzeni kwenye kile cha pili, wachezaji wamekwisha kwa kiu, mzee kakaa mlangoni mwa tembe yake. Aulize wamekuja na nini. Halafu DM anyamaze, awaache wapekue mizigo yao.