Soma hata kile kisichotoka kwenye mtihani

Nipo mwaka wa tatu, nasoma sosholojia hapa Dar es Salaam. Wadogo zangu wanaojiandaa kuingia chuo wananiuliza karibu wote swali lile lile: nisomeje ili nifaulu? Naelewa kwa nini wanaanzia hapo. Wazazi wamejinyima, mkopo utadaiwa, na sapu (mitihani ya marudio) zikikuandama unaweza kudisko, yaani kuondolewa chuoni. Kufaulu ni lazima. Lakini nimeshaona watu wakifaulu vizuri kabisa, wakamaliza, na hakuna kitabu hata kimoja walichokisoma mpaka mwisho. Hilo linaniuma, na ndilo ninalotaka kulisemea.

Tuanze na madesa. Kila kozi ina desa lake pale steshonari: notisi za waliotangulia, maswali ya mitihani iliyopita, na majibu yaliyokwisha kupangwa. Simkatazi mtu kununua. Mimi mwenyewe ninayo, na UE, mtihani wa mwisho wa muhula, ikikaribia nayapitia. Ila desa linakupa jibu bila kukuonyesha mwandishi alibishana na nani mpaka akalifikia. Ukiisoma sura yenyewe unamkuta mtu ana wasiwasi mahali fulani, anarudi nyuma, anakubali nusu ya hoja ya mpinzani wake kisha anaikata nusu iliyobaki. Kufikiri kunajifunzwa hapo. Kwa hiyo chagua walau sura moja kwa wiki kutoka orodha ya vitabu anayotoa mhadhiri, uisome kabla ya kipindi, na pembeni uandike swali moja ambalo huna jibu lake. Lipeleke kwenye diskasheni, pale kwenye vimbweta, zile meza na benchi za nje tunazosomea. Swali moja la kweli linaweza kuwaweka watu sita saa nzima, na mtajikuta mmekumbuka sura ile kuliko mngeikariri usiku kucha.

Kukariri nako kuna asili yake. Wengi wetu tulisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, tukafika kidato cha kwanza masomo karibu yote yakageuka kuwa Kiingereza. Tukajiokoa kwa kumeza aya nzima nzima, na tabia hiyo tukaja nayo chuoni. Njia niliyoiona inasaidia ni kumweleza mtu asiye mwanachuo kile ulichosoma, kwa Kiswahili, mpaka aweze kukuuliza swali. Usimtafsirie, mpe hoja yenyewe. Ukianza kujing'ata ulimi, rudi kwenye sura, bado hamjaelewana nayo.

Mtu wangu wa kumweleza nimempata kwenye bao. Karibu na ninapokaa kuna kijiwe cha wazee chini ya mwembe, wanacheza bao la kete kuanzia alasiri. Nilianza kwa kusimama na kuangalia, nikawa natoa shikamoo na kukaa, hatimaye nikapewa nafasi. Ni mchezo mzito. Mashimo 32, kete 64, na kila mchezaji anaanza akiwa na kete 22 mkononi za kunamua, yaani kuziingiza ubaoni moja moja, kabla ya kuingia kwenye mtaji, hatua ya kucheza na zilizo ubaoni tu. Fundi anajua kete yake ya mwisho italala wapi kabla hajainua mkono, na nyumba yake, lile shimo lake kuu, anailinda kwa subira ambayo sisi vijana hatuna. Ukicheza bao simu inakaa mfukoni, kwa sababu ukiangalia pembeni kidogo tu unaliwa. Naupenda kwa hilo. Naupenda zaidi kwa kuwa unanikalisha na watu wa umri wa babu yangu, watu ambao vitabu vyetu vinawaita "jamii" bila kuwauliza kitu.

Siku moja nilimweleza mzee mmoja pale mpango wa utafiti wangu wa mwisho: tutapita nyumba kwa nyumba na dodoso, nyumba tumezichagua kwa bahati nasibu ili kila kaya iwe na nafasi sawa. Akasikiliza, akatupa kete zake, akauliza:

"Mtapita saa ngapi, mwanangu?"

"Asubuhi, mzee. Saa nne hivi."

"Saa nne mama ntilie yuko kwenye sufuria zake, bodaboda yuko barabarani, fundi yuko saiti. Mtaongea na nani?"

Nilikuwa nimesoma kurasa nyingi kuhusu sampuli, na zote zilikuwa sahihi. Swali lake lilizipa uzito. Kaya zilikuwa na nafasi sawa ya kuchaguliwa. Watu wake hawakuwa na nafasi sawa ya kukutwa nyumbani. Tukapanga kupita jioni na Jumapili pia.

Mzee huyohuyo ndiye aliyenisimulia kisomo, yaani madarasa ya watu wazima. Mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa Mwaka wa Elimu ya Watu Wazima, na mwaka 1973 ikaja kampeni ya Mtu ni Afya. Watu walikusanyika kwa vikundi kijijini, wakasikiliza redio pamoja, wakasoma kijitabu, wakajadili, kisha wakaamua la kufanya: kuchimba vyoo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji. Walioshiriki nchi nzima walikaribia milioni mbili. Yeye alikuwa kijana huko kusini, na anakumbuka kubishana kuhusu mbu kabla ya kushika jembe. Nilimsikiliza nikiwa na wivu. Watu wale, wengine wakiwa wamejua kusoma juzi tu, walikuwa wakisoma ukurasa na kesho yake kijiji kinabadilika. Sisi tuna maktaba, intaneti na wahadhiri, na tunachosoma kinaishia kwenye karatasi ya majibu.

Baada ya hapo nikaanza kusoma historia ya elimu ya watu wazima kwa hiari yangu, ingawa haimo kwenye kozi yoyote niliyosajili. Kama chuo chenu kina vitabu vichache, nenda Maktaba Kuu ya Taifa, Barabara ya Bibi Titi Mohamed. Ipo tangu mwaka 1967, na ukiwahi asubuhi unapata meza na utulivu ambao hosteli haina. Bumu, ile pesa ya mkopo ya kujikimu, likitoka, tenga kiasi kidogo cha vitabu vilivyotumika kabla halijaisha kwenye viatu. Au changeni watu watano kitabu kimoja, kizunguke, kila mmoja aandike jina lake na swali lake kwenye karatasi ya ndani.

Muda? Kurasa kumi baada ya alfajiri, kabla simu haijawashwa data. Ukipata siti kwenye daladala na foleni ikakukamata, hizo ni kurasa nyingine. Burudani nayo usiifute wakati wa mitihani, ipunguze tu: mimi UE ikifika naenda kijiweni Jumamosi peke yake, nacheza mchezo mmoja, natoka. Na kama bao si lako, ingia kwaya, timu ya mpira ya mtaa, au ushonaji kwa fundi jirani, mradi wenzako pale wawe na umri tofauti na wako na wasiwe wote wanachuo.