Muulize Fundi: Hilux ya dizeli inalia wiii, kila fundi ananiambia lake

SWALI: Shikamoo fundi. Niko Ilula, Iringa, nina Hilux ya zamani ile ya injini 3L, nabebea nyanya kushusha Morogoro na mara mojamoja Dar. Karibia mwezi sasa injini inatoa mlio mwembamba wiiii, nikikanyaga mafuta unapanda nikiachia unashuka, hata gari ikiwa imepaki unausikia. Fundi wa kwanza kasema turbo imekufa nitafute nyingine, wa pili kasema pampu ya dizeli ifunguliwe, wa tatu kasema injini imechoka tufanye ovahoo. Hela ya kujaribu jaribu sina. Kabla ya mlio kuanza kitu pekee nilichobadilisha ni alteneta, niliweka ya mtumba maana ile ya kwanza ilikuwa haichaji. Halafu kuna hili, sijui kama linahusiana, siku hizi breki imekuwa ngumu, hasa nikikanyaga mara mbili tatu mfululizo. Msomaji, Ilula.

JIBU: Marahaba ndugu yangu. Nianze na hilo la mwisho ulilosema hujui kama linahusiana. Linahusiana, tena ndilo limenifanya nikujibu wewe kwanza. Kutoka Ilula kwenda Morogoro lazima ushuke Kitonga, na gari yenye mzigo wa nyanya ambayo breki inakuwa ngumu ukikanyaga mara mbili tatu haitakiwi kabisa kwenye ule mteremko. Nakuomba sana, ipaki mpaka hili liishe, mzigo wa wiki hii mpe mwenzako akushushie.

Sasa tuje kwenye mlio. Kuhusu turbo, ile feni inayozungushwa na moshi wa eksozi kusukumia injini hewa, injini ya 3L haina. Ni injini ya silinda nne, cc 2779, inavuta hewa yenyewe tu. Kwenye ukoo huo wa L yenye turbo ni 2L-T na ndugu zake, kwa hiyo labda kama kuna mtu aliifungia turbo huko nyuma, na hapo ungeiona kwa macho imekaa kwenye eksozi, fundi aliyekwambia ukanunue turbo hakufungua hata boneti akaangalia. Ovahoo nayo iweke pembeni. Injini iliyochoka inaonyesha kwa moshi, kwa kula oili, kwa kukosa nguvu na kusumbua kuwaka asubuhi, na wewe hujataja hata kimoja.

Mimi macho yangu yako kwenye ile alteneta. Alteneta ya 3L ina kitu mgongoni kwake, pampu ya vakyumu, yaani ya kunyonya hewa, na inazunguka na shafti ileile ya alteneta. Kazi yake ni breki. Injini ya petroli inapata vakyumu ya busta ya breki, kile kinachosaidia mguu wako kukanyaga pedali, kwenye manifoldi, lakini dizeli haivuti vakyumu ya kutosha pale, ndio maana Toyota wakaiwekea pampu. Ile pampu ndani ina vibao vidogo vinavyozunguka vikikwaruza ukuta, na vinaponea kwa oili ya injini inayoletwa na kampira kembamba, halafu oili inarudi chini kwenye injini kwa mpira mnene zaidi, na kuna mpira wa tatu ndio unaoenda kwenye busta. Sasa unakuta fundi anabadilisha alteneta haraka haraka, ule mpira wa kuleta oili anaukunja au anaurudisha ukiwa umeziba uchafu, au pampu yenyewe ya mtumba imekaa dukani mwaka mzima imekauka na anaifunga hivyohivyo bila kutia hata tone la oili. Vile vibao vinaanza kusaga vikavu. Mlio wake ni huohuo wa wiiii, unapanda na injini, na siku zinavyoenda vinalika, vakyumu inapungua, breki inakuwa ngumu. Ukiangalia maelezo yako, yote mawili yameanza baada ya alteneta. Siwezi kukuapia nikiwa huku mbali, ila pa kuanzia ni hapo na hakuna gharama kupaangalia.

Kipimo cha kwanza cha breki fanya mwenyewe sasa hivi, gari ikiwa imepaki sehemu tambarare na umeweka hendibreki. Zima injini, kanyaga pedali mara nyingi mpaka iwe ngumu kabisa, usitoe mguu, halafu washa. Kwenye gari isiyo na ubovu pedali inatakiwa izame kidogo chini ya mguu wako mara injini inapowaka. Isipozama, au ikachelewa sana, basi busta haipati vakyumu, iwe ni pampu, ni mpira umepasuka au ni busta yenyewe.

Cha pili ni sikio. Chukua kipande cha mpira wa maji kama mita moja, ncha moja weka sikioni nyingine isogeze karibu na kila kitu kinachozunguka mbele ya injini, au tumia bisibisi ndefu mpini ukiuweka sikioni na ncha kwenye chuma cha alteneta pale nyuma, kisha wota pampu, ile ya maji ya kupoza injini, kisha pampu ya stelingi, kisha kava ya taimingi. Usishike mkanda wala feni, kunja mikono ya shati, ukiwa umevaa kofia ya kamba au skafu vua. Panapolia utapajua bila mjadala, sauti inakuja kubwa ghafla.

Cha tatu, injini ikiwa kwenye sailensi, yaani inawaka bila kukanyaga mafuta, washa taa kubwa na feni ya ndani kwa pamoja. Mlio ukizidi papo hapo alteneta yenyewe ndiyo inalalamika, beringi zake au dayodi. Zungusha usukani mpaka mwisho, mlio ukibadilika ni pampu ya stelingi, angalia kwanza kama oili yake imepungua au ina mapovu, mara nyingi ni hilo tu na ni bei ndogo. Ukimwaga maji kidogo kwenye mkanda na mlio ukakatika kwa sekunde chache, mkanda ndio mbaya au umelegea.

Ukishafika hapo na bado una wasiwasi, kuna kipimo kinachomaliza ubishi, toa mkanda wa alteneta halafu washa injini. Mlio ukipotea umeshajua uko kwenye vitu vilivyokuwa vinazungushwa na mkanda ule. Lakini nisikilize vizuri hapa, ukitoa huo mkanda kwenye 3L umezima pia wota pampu na feni, na pampu ya vakyumu nayo imesimama, kwa hiyo usizidishe dakika moja na gari isitembee hata hatua moja, breki zitakuwa hazina msaada. Mkanda ukiwa nje zungusha kwa mkono puli ya alteneta halafu ya wota pampu. Ikikwaruza, ikitingishika au ikigoma umeipata. Wota pampu inayokufa pia huwa inavujisha maji kwenye katundu kadogo chini ya shafti, kwa hiyo pangusa uone kama pana ukoko wa kulanti, yale maji ya rejeta.

Kama ni pampu ya vakyumu kama ninavyofikiri, mwambie fundi afungue ule mpira mwembamba wa oili upande wa pampu, auelekeze kwenye chupa, awashe injini sekunde chache tu. Oili lazima itoke. Isipotoka njia imeziba, na hapo hata ukinunua alteneta mpya ya dukani itakufa vilevile, ndio kosa linalorudiwa kila siku, spea inabadilishwa na sababu inaachwa. Aangalie na mpira wa kurudisha, ukijikunja oili inajaa kwenye pampu inapenya kwenye alteneta inalowesha brashi, baadaye taa ya chaji inawaka na unaambiwa alteneta mbovu tena. Pampu inaweza kufunguliwa peke yake bila kubadilisha alteneta nzima, ikiwa vibao vimelika lakini nyumba haijachimbika. Ikishachimbika tafuta nyingine. Na kabla ya kufunga mtie oili kidogo kwenye tundu la kuingilia mzungushe puli kwa mkono, isianze ikiwa kavu.

Kuhusu yule fundi wa pampu ya dizeli, hakusema uongo kwamba inaweza kulia. Ndani yake kuna kipampu cha kuvuta mafuta na chote kinalainishwa na dizeli yenyewe, haina oili nyingine. Filta ikiziba au ikivuta hewa italia, na mafuta yaliyochanganywa na mafuta ya taa yanaisaga kwa sababu ni mepesi hayalainishi, ule mchezo ndio uliofanya EWURA, wadhibiti wa mafuta na nishati, waanze kuweka vinasaba, yaani alama ya kutambua mafuta yaliyochakachuliwa, mwaka 2010. Ila kabla mtu hajaifungua pampu ya dizeli, ambayo ukiifungua lazima iende kupimwa kwenye mashine, badilisha filta ya dizeli kwanza na uhakikishe hakuna mapovu ya hewa kwenye mipira. Na pampu ya dizeli haifanyi breki iwe ngumu.

La mwisho kwako, ukisikiliza ukakuta sauti inatoka nyuma ya kava ya taimingi, zima na usiwashe tena. 3L inatumia mkanda wa taimingi, unazungusha kemushafti na pampu ya dizeli, na Toyota wanataka ubadilishwe kila kilomita 100,000, ndio ile taa ya T-BELT kwenye dashibodi. Ikiwa beringi ya kukaza ule mkanda inalia na ikajam, mkanda unakatika, valvu zinagongana na pistoni, hapo sasa ndio unaingia kwenye ovahoo ya kweli. Kama hujui mkanda ulibadilishwa lini, na gari za mtumba hakuna anayejua, badilisha pamoja na beringi zake, na sili za mbele zikivujisha oili zibadilishwe siku hiyohiyo kwa sababu oili inaula mkanda.

SWALI: Habari fundi, nina Prado ya 1KZ, ikipanda mlima na mzigo inapiga mluzi mkali na nguvu imepungua, moshi mweusi. Ikiwa imepaki hata ukiresi hailii. Msomaji, Lushoto.

JIBU: Salama. Wewe sasa ndiye mwenye turbo. Mluzi unaotokea ikiwa imebebeshwa tu, pamoja na moshi mweusi na nguvu kupungua, mara nyingi ni hewa inavuja baada ya turbo, mpira umepasuka au klipu imelegea, injini inapewa mafuta ya hewa ambayo haipo. Kagua mipira yote kwa mkono hata chini ambako huoni, ukikuta sehemu ina utando wa oili chafu ndipo panapovuja. Ikiwa mipira ni mizima toa mpira wa kuingiza hewa, injini ikiwa imezima na imepoa, shika shafti ya turbo kwa vidole. Kucheza kidogo sana kwa pembeni ni kawaida, lakini panga zikigusa nyumba, au shafti ikisogea mbele na nyuma, turbo imekwisha. Usiendelee kuiendesha hivyo, ikivunjika vipande na oili vinaweza kuingia kwenye injini. Na ukifunga nyingine hakikisha bomba lake la oili limesafishwa.

SWALI: Fundi mambo, Hiace yangu ya dizeli inalia wuuu nikiwa barabarani tu kuanzia kilomita 60, nikisimama hata niresi vipi hailii. Nimeshabadilisha fenibelti. Msomaji, Mombasa.

JIBU: Poa. Injini haihusiki, mkanda mpya haukuwa na kosa lolote. Mlio unaofuata mwendo wa gari badala ya mzunguko wa injini unatoka giaboksi, difu au beringi za tairi. Ukiwa kwenye barabara tupu iliyonyooka fika 60 halafu achia mafuta bila kutoa gia. Mlio ukibadilika unapoachia na unapokanyaga, ni difu, angalia oili yake kabla hujaongea na mtu wa spea. Ukibaki vilevile lakini ukabadilika gari inapokata kona upande mmoja, ni beringi ya tairi, na mara nyingi ni ya upande wa pili wa kona kwa sababu ndio unaolemewa. Ukisikika kwenye gia moja tu na ukiweka nyingine unapotea, ni giaboksi. Inua tairi moja moja kwa jeki, weka stendi chini, zungusha kwa mkono na usikilize.