Anza na majina, dada

Dada, umeuliza uanzie wapi na makaratasi ya viza ya familia nzima. Anza na majina. Tandaza pasipoti zote mezani, kila moja na cheti chake cha kuzaliwa, usome herufi kwa herufi. Mwanangu alikuwa Mohamed kwenye pasipoti, Mohammed kwenye cheti. Hiyo “m” moja ilituchelewesha miezi miwili, nami nililia kweli.

Kisha tazama tarehe za mwisho. Nchi nyingi hutaka pasipoti iwe na uhai wa miezi 6 au zaidi, na za watoto mara nyingi huisha mapema. Cheti cha polisi, kile cha kuonyesha huna rekodi ya uhalifu, usikikimbilie. Muda wake wa kutumika ni mfupi, ukikichukua mapema kitaisha kabla hujakitumia. Na tiketi msinunue kabla viza hazijatoka, tafadhali.