Usilete mtoto wa simba nyumbani, mi nlilea mondo tu na nkakoma

Juzi mtoto wa dada yangu, yuko form three, kaja na simu yake, "Mama mdogo hebu cheki hii." Klipu ya jamaa huko Uarabuni kavaa kanzu nyeupe yuko kwenye gari la maana, siti ya pembeni simba dume na manyoya yake ya shingoni katoa kichwa dirishani anapunga upepo. Komenti zote mioyo mioyo. Alaf ananiuliza kabisa, eti mama mdogo mtu akiwa na hela zake hapa Tanga si anaweza kufuga simba?

Nkacheka, alaf nkanyamaza. Maana huyu kipindi kile alikua mdogo wanakaa Korogwe, hajui kama kwenye hii hii nyumba anayokuja kula wali wa nazi kila Jumapili tuliwahi kukaa na mnyama wa porini mwaka mzima na zaidi. Wala sikua na hela. Nlikua na huruma tu, na huruma ndo iliniponza.

Ilikua 2014, tunakaa Pongwe, baba Shani alikua anafanya kazi kwenye shamba la mkonge. Siku hiyo wanafyeka na kuchoma majani, jioni karudi na kiroba kinalia nyau nyau. Kufungua, vitoto viwili vya madoa, masikio makubwa kama ya sungura, macho ndo kwanza yamefunguka. Jirani akasema ni chui, nusura nkimbie. Baadae tukaambiwa ni mondo. Kama humjui, mondo ni paka wa porini mwenye miguu mirefu, akikua anafika kilo kumi na kitu, anakaa kwenye majani marefu anawinda panya. Baba Shani anasema mama yao kawatelekeza. Leo najua hakuwatelekeza chochote, hawa wanyama jamii ya paka mama anaficha watoto kwenye majani anaenda kuwinda, anarudi, na akiona hapafai anawahamisha mmoja mmoja kwa mdomo. Yule mama alikuja akakuta majivu na wanawe hamna, hilo huwa linanijia usiku mpaka sasahivi.

Tukawaita Kulwa na Doto. Kulwa hakumaliza siku tatu, tulimpa maziwa ya ng'ombe akaharisha mpaka akaisha. Hakuna aliyetuambia kwamba tumbo la mtoto wa paka haliyawezi maziwa ya ng'ombe, sisi tunaona maziwa ni maziwa. Doto akabaki.

Sasa ngoja niwe mkweli, miezi ile ya mwanzo ilikua raha, we acha tu. Analala kwenye kanga yangu, ananguruma kifuani kama cherehani, Shani akitoka shule anamkimbilia getini. Watu wanatoka mpaka Maweni kuja kumuona. Nkajiona mi mama wa mnyama, najua kupenda. Na hapa ndo penye mtego wote, yani kila klipu unayoiona ya simba anabebwa na bibi arusi, ya chui mdogo ananyonya chupa, imepigwa kwenye hii miezi. Mtoto wa simba anazaliwa na kilo moja na nusu hivi, mtoto wa binadamu ni mzito kuliko yeye. Kila mtu anaweza kubeba kilo moja na nusu, swali ni akishakua dume zima la kilo 180 au 200 nani atapiga hiyo klipu.

Doto mi nlimlisha minofu. Nlijua ndo mapenzi, utumbo na vichwa namtupia paka wa mtaani, yeye nampa minofu laini ya kuku. Siku moja karuka kutoka kwenye stuli, stuli tu jamani, mguu wa mbele ukavunjika. Mnyama ambaye porini anaruka juu kuliko mtu mzima kumdaka ndege hewani, kavunjika kwa stuli. Daktari wa mifugo alivokuja akamshika miguu akatikisa kichwa, akasema mama huyu mifupa yake laini, nyama tupu haina kalsiamu ya kutosha, mwenzie porini anakula panya mzima na mifupa yake na ngozi na vilivyomo tumboni. Tukaanza kumpa kuku mzima na panya wa mtego, lakini ule mguu uliunga vibaya ukabaki na kipinda. Ndo nlipoelewa kwamba nlikua namuua kwa kumdekeza. Na hii siyo ya mondo peke yake, simba na chui wanaolelewa majumbani nao inawakuta hivo hivo, wengi wanatembea wamepinda migongo.

Alaf akakua. Kuku wa jirani wakaanza kupungua, mara vifaranga, mara jogoo, nimelipa jogoo la watu elfu ishirini na tano na matusi juu. Tukamfungia stoo, akaanza kukojolea ukuta. Siyo mkojo wa paka wako huo, huu anaurusha kwa nyuma kama pampu, kwenye ukuta, kwenye gunia la unga, kwenye nguo za shule, ndo anaandika jina lake hapa ni kwangu. Harufu yake sina hata pa kuifananisha. Wageni wakaacha kuja, mama mkwe akaacha kulala.

Na Shani siku moja kamkuta anakula, kapitisha mkono kuchukua bakuli kama alivozoea toka Doto mdogo. Sikusikia hata mlio. Nlisikia mtoto anasema "mama" kwa sauti ndogo, natoka nakuta damu mpaka kwenye kiwiko. Nyuzi saba, na sindano za kichaa cha mbwa maana mnyama wa porini huwezi kujua, tukawa tunarudishwa tarehe kwa tarehe na hela ya kwenda nimekopa kwenye kikoba. Doto hakua na hasira na Shani, ile ndo ilinishangaza, dakika kumi baadae yupo pale pale anajilamba. Alikua anakula, mkono ukaja kwenye chakula, basi.

Watu wanachanganya kuzoea na kufugika. Doto alituzoea. Paka wa nyumbani anafugika kwa sababu mababu zake wamekaa na watu miaka elfu na maelfu, kule kisiwa cha Cyprus walichimba kaburi la miaka 9,500 wakakuta mtu kazikwa na paka wake pembeni. Huo ndo muda wenyewe, vizazi kwa vizazi. We unataka mambo hayo kwa simba mmoja, kwenye uwa wako, kwa chupa ya maziwa? Wazee wanasema mtoto wa nyoka ni nyoka, watu wanadhani maana yake ni mbaya. Hana ubaya, ni nyoka tu.

Walionionya kuhusu sheria niliwaona wanga. Hapa kwetu mnyamapori ni mali ya umma, kuna Sheria ya Kuhifadhi Wanyamapori ya 2009, ukikutwa naye bila kibali unaitwa mtu mwenye nyara za serikali, na hizo kesi mtu anaweza kuunganishwa na uhujumu uchumi, dhamana yake siyo ya mwenyekiti wa mtaa. Nyara siyo pembe za ndovu tu, hata yule wa kwenye kiroba. Vibali vipo kwa wenye bustani na mashamba ya wanyama wanaofuata masharti, siyo kwa mama Shani na stoo yake. Na tusijidai hatujui, nchi hii hii 2010 twiga walipandishwa ndege kwa magendo pale uwanja wa KIA wakaenda Qatar, tukacheka mwaka mzima, kumbe na mi miaka minne baadae nna wangu ndani, tofauti ni ukubwa tu.

Tulienda wenyewe kwa maliasili. Baba Shani akaandika maelezo, kaonywa, alitetemeka siku ile mpaka nkamuonea huruma. Mi nlikua na mpango wangu kichwani, kwamba watamchukua wakamuachie Saadani huko, afurahi, bahari na pori vyote vipo. Yule afisa akanitazama akaniambia dada huyu haachiwi popote. Mguu mbovu, kuwinda hajafundishwa, na kibaya zaidi hamuogopi mtu, ukimuachia leo kesho yuko kwenye banda la kuku la mtu Mkwaja anakatwa panga. Akapelekwa kwenye bustani, maisha yake yote nyuma ya wavu. Nlimnyima pori nkidhani namuokoa.

Sasa huyo ni wa kilo kumi na moja. Nkamwambia mtoto wa dada chukua kalamu. Simba mkubwa piga wastani wa kilo saba za nyama kwa siku, kilo sokoni tuseme elfu kumi, hiyo ni elfu sabini kwa siku, milioni mbili na laki moja kwa mwezi, na akiwa kwenye banda anaweza kufika miaka ishirini. Hapo hujajenga banda, na daktari wa kumchoma sindano ya usingizi hayupo pale barabara ya kumi na mbili hapa Tanga mjini.

Na wenye hela zenyewe wameshindwa. New York mwaka 2003 kuna jamaa alikua anafuga chui milia kwenye fleti, ghorofani, na mamba mdogo juu yake. Kang'atwa, kaenda hospitali anasema ni mbwa, polisi ikabidi washuke na kamba nje ya ghorofa wampige sindano ya usingizi kupitia dirishani. Ohio 2011 mwenye wanyama alifungua mabanda akajiua, wanyama 56, jioni ile polisi wakaua karibia wote, simba 17 na chui milia 18 wamelala kwenye matope. Marekani ikasubiri mpaka Desemba 2022 ndo ikapitisha sheria ya nchi nzima kuzuia watu binafsi kufuga hawa. Hata huko Emirati kwa yule wa kanzu walishapiga marufuku, sheria yao ni ya 2016, kwahiyo hiyo klipu ama ya zamani ama jamaa anavunja sheria huku anajirekodi.

Kitu kingine klipu haioneshi ni makucha. Wengi wanakatwa, na siyo kama sisi tunavokata kucha, kwa paka kucha imeota kwenye mfupa, wanakata pingili ya mwisho ya kidole, kidole kwa kidole. Na duma wanaowaweka kwenye siti za magari, wengi ni watoto walioibwa pembe ya Afrika wakavushwa kwa boti, wanakufa njiani kama Kulwa wangu, wakati duma wazima porini dunia nzima wamebaki kama elfu saba tu.

Kwahiyo ukikuta kitoto porini, cha chui, cha mondo, cha simba, usikishike. Rudi nyuma ulikotoka, kimya kimya, maana mama yupo karibu na kama ni simba wewe ndo uko hatarini. Kama kuna moto au kweli mama kafa, piga kwa afisa wanyamapori wa wilaya au mwambie mtendaji wa kijiji siku hiyo hiyo, usikipe maziwa, usikipige picha za kurusha, usikipe jina. Jina ndo linakufunga.

Dogo kanisikiliza mpaka mwisho, alaf akauliza, "Kwahiyo ile harufu ya stoo..." Nkamwambia ndo yeye. Nimepaka chokaa mara tatu, lakini masika yakianza ukuta ukilowa, Doto anarudi.